Harusi ya siku nne au karo ya Mombasa: nani hapa Lamu anayetupa pesa?

Msimu huu barazani hakuna neno jingine. Fulani kamwoza binti kwa harusi ya siku nne, siku ya kupamba bibi harusi dhahabu zimemjaa kifua kizima, na huku kaka zake wako shule ya serikali na watoto wa wavuvi. "Hajui thamani ya elimu huyo," ndivyo anavyosemwa. Jirani yake aliyepeleka wanawe bweni Mombasa, watu wanamwita mwenye kuona mbali.

Mimi nasema kinyume. Akiwa na pesa na hana budi kuchagua, bora anunue dhahabu na mtoto abaki hapa.

Dhahabu ya harusi ni ya mwanamke mwenyewe. Siku mambo yakimwendea kombo, anauza bangili, maisha yanaendelea. Na karo tunayolilia inanunua nini? Mtihani ni ule ule wa Baraza la Mitihani. Walimu wengi wa hizo akademi za kibinafsi ni vijana wanaongojea ajira ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Jina likitoka, katikati ya muhula, mwalimu wa hisabati hayupo. Kinachobaki ni sweta, basi la manjano, na Kiingereza cha kumjibia bibi ambaye hakukisoma.

Lakini hoja yangu hasa ni hii. Serikali humtengea mtoto wa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwaka. Sare moja ya harusi, kitambaa na mshonaji, wengi wenu mnailipa zaidi ya hapo. Shule ya namna hiyo inaishi kwa wazazi wenye sauti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewapa wazazi viti sita kwenye bodi ya shule. Mwenye duka la jumla, mwenye nyumba za wageni Shela, wakiondoa watoto wao, viti hivyo vinakaliwa na nani? Na choo kikibomoka, nani ataingia ofisi ya elimu ya kaunti bila kuambiwa angoje nje? Anayelipa karo Mombasa hatupi pesa zake tu. Anaondoka na kelele zake, na kelele ndizo tulizozihitaji.

Haya, nipingeni.

Mama wa Langoni: Kaka, maneno matamu, ila mwanangu ana miaka kumi mara moja tu. Nimngojeshe mpaka bodi ikutane? Darasa lake la zamani walikuwa wanabanana watano dawati moja. Bangili zangu mbili nimeuza, karo nimelipa, na sijutii. Dhahabu unayoisifu, mimi ndiyo iliyonisomeshea. Sasa tuko upande mmoja au vipi?

Mwenye boti: Mnachanganya anasa na kazi. Nikinunua injini ya farasi 40 watu wanasema najionyesha, na injini hiyo hiyo ndiyo inavusha watu kwenda Mokowe, bara, asubuhi na inalisha nyumba tatu. Harusi nayo, mpishi analipwa, mpiga picha analipwa, mshonaji analipwa, wote wa hapa hapa. Karo ya Mombasa inapanda basi na hairudi.

Mwalimu, shule ya msingi: Nafundisha watoto mnaowazungumzia. Ndugu mwenye mada, matajiri wakibaki si heri tupu. Niliwahi kuwa shule ambayo wenye uwezo walishika bodi, wakaanza: pesa za chakula, pesa za motisha, pesa za tuisheni ya likizo ambayo sheria hiyo hiyo ya 2013 imeikataza. Kwao ni pesa ya soda. Baba mvuvi, upepo wa kusi ukivuma, haendi baharini, mtoto anarudishwa nyumbani kwa mchango ambao kwa sheria si lazima. Sauti unayoitaka, mara nyingi inamfokea maskini kwanza. Na kuna watoto wa wodi ya Basuba, hapa hapa Lamu, shule zao zilifungwa kwa sababu ya Al-Shabaab. Hao hawakuwa na tajiri wa kubaki wala wa kuondoka.

Mwenye mada: Mama, kwa watano dawati moja sina la kukulaumu, ila dawati ni kitu cha fundi seremala wa hapa mjini, na karo ya muhula mmoja ingetengeneza ya darasa zima. Mwenye boti, umenisaidia kuliko ulivyokusudia.

Mwalimu, hapo umenibana. Nilidhani tajiri akiwa ndani shule inanyanyuka, sikumhesabu anayesukumwa nje kwa mchango. Basi niulize hivi: mchango ukatazwe kabisa bodini, na mwenye nacho atoe kitu, mbao, tangi la maji, rangi, bila jina lake kuandikwa ukutani? Watatoa kweli bila jina? Nyie mnaowajua, semeni.