Mrejesho: kwa nini hamira isiyo na PSH1 ilikufa
Niliuliza kwa nini hamira niliyoifutia jeni ya PSH1 hustawi kwenye glukosi lakini hufa kwenye galaktosi, ambako promota ya GAL (swichi ya jeni inayowashwa na galaktosi) huilazimisha kutengeneza kwa wingi Cse4, protini ya aina ya histoni, yaani zinazofungasha DNA. Nashukuru kwa dhati kwa ushauri wa kuchunguza mahali protini hiyo inapokaa, kwani jibu lilikuwa hapo hapo. Psh1, protini inayotokana na jeni hiyo, huibandikia Cse4 ya ziada ubikwitini (alama ya kuharibiwa) ili proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, iivunjevunje. Psh1 ikikosekana, Cse4, ambayo makao yake ni sentromea (kipande cha kromosomu cha jozi 125 hivi tu za besi, kinachoshikwa wakati seli inapogawanyika), hutapakaa kwenye mikono ya kromosomu, na seli hufa. Nilipoirudisha PSH1 kwa plasmidi (kipande kidogo cha DNA cha duara), seli ziliota tena. Hata hivyo, bila Psh1 Cse4 bado huvunjwa polepole, hivyo sasa nachunguza mchango wa jeni nyingine, SLX5.