Naomba ushauri: kugeuza eneo la maduka Mtwara kuwa la maghorofa, tuanze na nini?

Wakuu, heshima kwenu. Wamiliki wa maduka ya chini hapa Mtwara mjini wanataka kuunganisha viwanja na kujenga ghorofa 10. Mfano wanaoutazama ni Tysons, eneo la maduka na ofisi huko Virginia, Marekani: mpango wa 2010 uliruhusu msongamano mkubwa wa majengo karibu na vituo vya treni, na vituo vinne vikafunguliwa 2014. Sisi tuna daladala na bajaji tu, kwa hiyo mitaa ya kupenya katikati ya viwanja itengwe mapema.

Kizito zaidi ni majitaka. Jengo likiwa na nyumba 40, watu 4 kila moja, lita 100 kwa mtu kwa siku: ni lita 16,000 za maji, na takriban 12,800 zinarudi kama majitaka. Gari la kunyonya la lita 10,000 halimalizi hata ya siku moja. Shimo la kunyonyea (la kuzamisha maji ardhini) nalo likizibwa na mafuta ya jikoni, maji yanarudi juu.

Wengine wanataka kujenga ghorofa 3 kwanza, nondo zibaki zimechomoza. Kwa upepo wa chumvi zitaliwa na kutu hadi zipungue unene. Angalau zifunikwe kwa zege jepesi.

Je, mtambo wa pamoja wa kusafisha majitaka utangulie kibali cha ujenzi? Na gharama zigawanywe kwa ukubwa wa kiwanja au kwa idadi ya ghorofa?