Titi lijazwe mafuta ya tumbo baada ya saratani?

Nyamagana Juu: Wakuu, mgonjwa kaondolewa titi kwa saratani, sasa anataka lijengwe upya kwa mafuta ya kunyonywa tumboni mwake. Mafuta hayo yana seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Napinga. Zinatoa protini: VEGF inayootesha mishipa mipya ya damu, na IL-6 inayochochea seli za saratani zigawanyike. Huko ni kutilia magugu mbolea.

Kirumba: Mbolea ya maabara hiyo. Pale mafuta humeng'enywa kwa kimeng'enya kiitwacho kolajenasi, nyuzi 37, dakika 30 hadi 60, yakazungushwa kwenye mashine, seli zikaoteshwa mpaka zikawa jeshi. Daktari hajazi jeshi, anajaza mafuta yalivyo. Chama cha wapasuaji wa plastiki Marekani kilikataa ujazaji huu 1987 kwa kuhofia chembe za chokaa zitavuruga picha za titi, kikalegeza 2009. Na kwa wagonjwa waliofuatiliwa, kwa jumla saratani haijaonekana kurudi zaidi.

Igogo: Unafiki! Mnaogopa mafuta ya matumbo yenu huku jioni mnakula mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki minofu ikishatolewa, yaliyokaangwa mafuta ya sangara.

Nyamagana Juu: Mapanki yameingiaje? Sufuriani hakuna seli iliyo hai. Hapa tunapandikiza seli hai.

Igogo: "Yameingiaje." Msemo wa mla minofu huo.

Mwaloni: Panki lisionewe. Ubaya ni mafuta yanayorudiwa mpaka meusi.

Capripoint: Turudi. Majaribio ya maabara hugongana kwa sababu za kawaida tu. Weka chujio la matundu ya maikromita 0.4 kati ya seli shina na za saratani: majimaji yanayotoka kwenye seli shina yanapita, seli hazipiti. Za saratani zikiongezeka, ni majimaji. Ukitaka kuona kama seli zinahama, tumia matundu ya 8. Ila ukikusanya majimaji hujaosha sirumu, yale majimaji ya damu ya kulishia seli maabara, sirumu yenyewe inakuza, nawe utasingizia seli shina. Badili uwiano wa seli, jibu linageuka. Wengine wamepata saratani ikidumaa.

Nyamagana Juu: Basi umekiri majimaji yanakuza.

Capripoint: Nimesema *zikiongezeka*. Soma, mkuu.

Mwaloni: Kama mafuta yanatoa yote hayo, vipi kitambi ambacho hakijanyonywa?

Kirumba: Hicho kina aromatase, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, homoni ya kike. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, estrojeni yake nyingi inatengenezwa kwenye mafuta ya mwili, na saratani nyingi za titi hustawi kwayo.

Igogo: Kitambi cha mapanki au cha minofu?