Idadi kwa siku, ukubwa, au miezi ya kufunga? Kikundi chetu cha wikendi kinataka kujipangia mipaka

MshipiMrefu (Tanga)

Habari za jioni wakuu. Tuko watu kumi na wanne, tunavua siku za mapumziko tu: walimu, madereva, fundi umeme mmoja, na mama mmoja wa duka anayetushinda wote. Tunakodi boti mbili, tunatoka alfajiri na mishipi yetu, adhuhuri tumerudi. Hatuuzi. Samaki ni wa nyumbani, wanaozidi wanakwenda kwa majirani.

Miaka michache nyuma, mwamba wa karibu ulitutosha. Saa tatu asubuhi sanduku la barafu limejaa changu na watu wanaanza kupiga soga. Sasa tunakwenda mbali mara mbili, na chewa tunaopata wanaenea kiganjani. Jumapili iliyopita mwenzetu mmoja alirudi na changu thelathini na mmoja, wote wadogo, na alishangiliwa. Mimi nilishangilia pia, halafu usiku sikupata usingizi.

Mwezi ujao tuna kikao. Mapendekezo ni matatu. La kwanza, kila mtu samaki watano kwa siku, basi. La pili, kuweka ukubwa wa chini, mdogo anarudishwa. La tatu, kuacha kabisa miezi mitatu kwa mwaka, kama wanavyofanya wenzetu wa Pemba kwa pweza. Kila pendekezo lina watu wake na hakuna anayemsikiliza mwingine. Naomba niwasikie mliokwisha kuishi na mipaka ya namna hii, imewafaa au imewashinda.

PwezaWaPanza (Pemba)

Salaam aleikum. Mie natokea Pemba ya kusini, na kufunga miamba kwa ajili ya pweza nakujua kwa macho yangu, kwani Kisiwa Panza ni jirani zetu. Mwamba unafungwa miezi mitatu, watu wa kamati wanaulinda kwa zamu, kisha unafunguliwa kwa siku iliyotangazwa. Siku ya ufunguzi maji yakipwa utadhani ni Idi. Watu na mikuki yao, wanawake na watoto, na pweza wanaotoka ni wazito hasa.

Lakini ndugu yangu, fahamu kwa nini inafaa. Pweza hana umri. Mwaka mmoja na kidogo, kisha amekwisha. Akiwa mdogo ananenepa upesi sana, hivyo ukimwacha wiki chache tu unamkuta mwingine. Jike anataga mara moja, anayalinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Kwa hiyo miezi mitatu kwa pweza ni sehemu kubwa ya maisha. Kule Andavadoaka, Madagaska, walipoanza mwaka 2004, walifunga kipande cha mwamba wao kwa miezi kadhaa tu, na faida waliiona mara walipofungua. Baada ya hapo serikali yao ikaweka na mapumziko ya kila mwaka, katikati ya Disemba hadi mwisho wa Januari.

Chewa je? Chewa anahitaji miaka. Ukimpumzisha miezi mitatu kisha mkaja kumi na wanne kwa pupa ya siku ya ufunguzi, mtachukua kwa wiki mbili yote mliyoyaacha. Hata kwa pweza tunaliona hilo: siku za mwanzo neema, kisha mwamba unarudi kuwa wa kawaida. Pendekezo la tatu ni zuri, ila kwa mnyama wake.

Na pweza mkimkuta, msisahau kuwa Kanuni za Uvuvi za 2009 huko bara zinakataza aliye chini ya gramu 500.

Nahodha_Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Niseme lililo moyoni. Mnahesabu samaki watano watano, na kuna mtu anatupa baruti asubuhi moja anaua mwamba mzima, samaki na nyumba yao. Nimezisikia hizo tangu nikiwa kijana. Matumbawe yaliyovunjwavunjwa kuwa kokoto hayarudi kwa samaki wenu watano.

Halafu kuna mvuvi wa ngalawa anayelisha watoto sita. Msimwendee na rula.

Lakini siwakatazi. Nakumbuka miaka ya tisini hapahapa Tanga, kwenye ule mpango wa ukanda wa pwani ulioanza 1994, vijiji vilikaa vikakubaliana baadhi ya miamba ipumzike. Palizuka ugomvi, palikuwa na waliokwenda usiku. Ila waliokubaliana ndio walikuwa wa kwanza kumripoti mwenye baruti, maana sasa mwamba ulikuwa na wenyewe. Basi mkijiwekea mipaka, na mwekeane pia ahadi ya kutonyamaza mkisikia mlio.

MshipiMrefu (Tanga)

Shikamoo mzee. Nimekusikia, na hilo la mlio naliingiza kwenye ajenda. Mvuvi wa ngalawa hatumgusi; mipaka hii ni yetu sisi tunaovua kwa raha.

Kijana_wa_Plymouth

Mimi ni mtu wa Lamu, nipo Uingereza zaidi ya miaka kumi na navua ufukweni kila nikipata nafasi. Huku nimepitia mabadiliko ya sheria mpaka nikachoka, kwa hiyo ngoja niwape yaliyonikuta.

Samaki wetu mkubwa ni sibasi, wa fedha, mtamu sana. Idadi yake ilishuka vibaya. Mwaka 2015 wakaweka samaki watatu kwa siku kwa kila mvuvi wa burudani, na ukubwa wa chini ukapandishwa kutoka sentimita 36 hadi 42, kwa sababu kwenye 36 majike wengi walikuwa hawajazaa hata mara moja. Mwaka 2016, nusu ya kwanza unamkamata na kumwachia, nusu ya pili unabeba mmoja. Mwaka 2018 ilikuwa ngumu kuliko yote: mmoja kwa siku, kwa miezi mitatu ya mwisho ya mwaka tu. Mwaka 2019 mmoja, Aprili hadi Oktoba. Mwaka 2020 wawili, Machi hadi Novemba.

Mnaona? Kila Januari unaanza upya kuuliza. Nimemwona mzee wa watu analia ufukweni kwa kuhofia faini, samaki mkononi, hajui mwezi huu unaruhusiwa au la. Msibadilishe kanuni zenu kila kikao. Wekeni, mzishike miaka mitatu, ndipo mzipime.

Kuhusu kufunga, kwa sibasi kuna maana kwa sababu majira ya baridi wanakusanyika kwenda kuzaa, na waliokusanyika ni rahisi kuwamaliza. Kwa hiyo swali langu kwenu: huko kuna samaki gani wanaokusanyika, na lini? Mkilijua hilo, miezi mitatu haihitajiki. Siku chache zinatosha.

TasiNaMwezi (Msambweni)

Kaka wa Plymouth amegonga penyewe. Sisi huku kusini mwa Kenya tunao tasi. Wazee wanajua sehemu zao na siku zao: baada ya mwezi mpevu, kati ya Novemba na Februari, wanakusanyika kuzaa. Siku hizo hata mtoto atajaza dema. Na ndiyo siku mtu anapojisifu kwa majirani kuwa anajua kuvua.

Kikundi chenu kikiamua jambo moja tu, liwe hili: baada ya mwezi mpevu wa kaskazi, juma zima, hamgusi sehemu za tasi. Hamtahitaji afisa wala boti ya doria, kalenda ya ukutani inatosha. Huku kusi kwenyewe hufunga bahari nusu ya mwaka kwa boti ndogo, hivyo kufunga kwa miezi ndani ya kusi ni kujidanganya. Mnafunga mlango ambao upepo umeshaufunga.

BabaZuhura_MD (Maryland)

Ndugu zangu, mimi nataka kuzungumzia hilo la ukubwa, kwa sababu naona wengi wanalidhani ni jepesi: mdogo anarudi majini, mkubwa anakwenda jikoni, kila mtu ana amani. Niliamini hivyo kwa miaka.

Ninapoishi huku Marekani, kandokando ya Ghuba ya Chesapeake, samaki wa heshima ni yule wa mistari myeusi ubavuni, wanamwita striped bass. Aliwahi kupungua mpaka Maryland ikafunga kabisa uvuvi wake, 1985 hadi 1990, na akarudi. Sasa amepungua tena. Mwaka 2020 pwani ya Atlantiki waliweka mlango wa ukubwa: unabeba mmoja tu, awe kati ya inchi 28 na 35. Wakubwa zaidi wanaachwa kwa sababu jike kubwa lina mayai mengi mno. Mwaka 2023 wakaubana kwa dharura, ukomo wa juu ukawa inchi 31, kwa kuwa kizazi kizuri cha 2015 kilikuwa kinaingia mlangoni na watu walikuwa wanakifagia.

Sasa sikilizeni. Wataalamu wao hupiga hesabu kwamba katika kila samaki mia wanaoachiwa, tisa wanakufa. Tisa unaona ni wachache. Lakini watu wanaachia mamilioni, na kuna miaka ambayo waliokufa baada ya kuachiwa wamekaribia kulingana na waliobebwa nyumbani. Ndiyo maana tangu 2021 ukivua huyu kwa chambo lazima utumie ndoana ya mviringo, inayonasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Na ndiyo maana kuanzia 2020, kwa miaka kadhaa, Maryland ilikuwa ikifunga nusu ya pili ya Julai: maji yana joto, samaki amechoka, ukimwachia anaelea.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua ukubwa, jiulizeni mnavua kina gani.

MshipiMrefu (Tanga)

Pima ishirini, saa nyingine thelathini. Zamani ilikuwa kumi. Na kweli, wale tunaowarudisha wengine wanaelea juu, macho yametoka. Tulikuwa tunasema wamezubaa tu, watazama wenyewe.

FundiNdoana (Kilifi)

Hawajazubaa, kaka. Hao wamekwisha. Chewa na changu wana kibofu cha hewa tumboni, na ukimvuta haraka kutoka pima thelathini hewa ile inatanuka, inamsukuma utumbo mpaka mdomoni. Hawezi kuzama hata akitaka. Anaelea mpaka mwewe au papa amchukue. Msimtoboe kwa kisu kama wengine wanavyofanya, mnaweza kumuua kwa mkono wenu. Njia ninayotumia: risasi nzito, ndoana isiyo na kipingo iliyofungwa kichwa chini, naipitisha kwenye mdomo wake nyuma ya ufizi, namshusha taratibu hadi chini, kisha navuta kwa nguvu anachomoka. Wengine wanaondoka wakiwa hai kabisa. Si wote.

Na kuna jambo la chewa ambalo rula haliwezi kulitatua. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakikua wanageuka madume. Ukisema "bebeni wakubwa tu", unabeba madume. Ukisema "bebeni wadogo", unabeba majike kabla hawajazaa.

Kolekole ni habari nyingine, huyo mgumu, ukimvua juu juu na kumwachia haraka anaondoka kwa hasira. Nguru hapana. Nguru akishachoka amechoka.

BabaZuhura_MD (Maryland)

Umesema vizuri kuliko mimi. Nyongeza moja juu ya misimu mifupi: Ghuba ya Mexico, mwaka 2017, msimu wa samaki mwekundu wa jamii ya kungu kwenye maji ya serikali kuu ulitangazwa kwa wavuvi binafsi kuwa siku tatu tu. Makelele yakawa makubwa, wakaongezewa siku 39. Ukiwapa watu siku chache, wote wanatoka siku hizohizo, hata bahari ikiwa imechafuka. Hiyo inanitisha zaidi kwa boti ndogo za kwetu.

MamaDuka

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye huyo mama wa duka wa kikundi cha MshipiMrefu, nimejiunga leo baada ya kuonyeshwa haya.

Niseme kwa nini watu wetu wanavua kupita kiasi. Si roho mbaya. Boti tunakodi kwa kuchangishana, na mtu akishatoa pesa yake anataka kuiona kwenye sanduku. Nami pia. Nikirudi na samaki watatu nahesabu kichwani kwamba sokoni ningewapata kwa bei nafuu zaidi. Kwa hiyo watano kwa siku, mtu atasema ni hasara. Tukipanga mipaka bila kuligusa hilo, atawaficha chini ya barafu.

Pendekezo langu ni hili. Idadi iwe ndiyo kanuni, lakini kila kinachotoka majini kutoka kina kirefu kinahesabiwa, kikubwa au kidogo. Hakuna kutupa mdogo ili kutafuta mkubwa. Ukifika watano unakunja mshipi, unashika usukani au unachemsha chai. Idadi ni ya mtu, si ya boti, maana nawajua wenzangu, hodari atavua za wavivu wote. Na kodi ya boti tuipunguze kwa kwenda mara mbili kwa mwezi badala ya nne. Hapo ndipo bahari itapumzika, kuliko kwenye rula.

Nahodha_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Huyu mpeni uenyekiti.

PwezaWaPanza (Pemba)

Naunga mkono. Ila watano, chewa wawe wangapi? Mtu akibeba chewa watano kila safari, chewa wataisha huku changu wakiwapo. Wekeni ndani ya watano, chewa mmoja.

MshipiMrefu (Tanga)

Nimekaa na MamaDuka na wengine wanne jana jioni. Tunachopeleka kikaoni: watano kwa mtu, chewa asizidi mmoja, kila kinachotoka zaidi ya pima kumi kinahesabiwa. Ndoana za mviringo kwa wote, nimeshaagiza. Tasi hawaguswi juma zima baada ya mwezi mpevu, Novemba hadi Februari. Safari mbili kwa mwezi. Tunazishika miaka mitatu, na daftari la kila safari analishika MamaDuka. Kabla ya kikao nitapita kwa afisa uvuvi wa wilaya, asije akasema tumejitungia sheria kwa mlango wa nyuma.

Lililobaki ni kolekole. Mwenzetu wa changu thelathini na mmoja anataka kolekole wa juu juu asihesabiwe kama anaachiwa, na kwa maneno ya FundiNdoana naona ana haki. FundiNdoana, ukiwa na nafasi, tupigie picha ule uzito wako wa kushushia samaki. Fundi umeme wetu anasema anaweza kuutengeneza.

FundiNdoana (Kilifi)

Kesho asubuhi nikifika bandani. Risasi iwe ya kilo moja na nusu, chini ya hapo chewa mkubwa ataipandisha nayo juu.