Naomba ushauri: patisheni ya kurejesha mfumo kwenye kompyuta ya zamani ya Linux
Wakuu, habari zenu. Kompyuta yangu ni ya zamani: RAM GB 2, diski GB 160, inawaka kwa BIOS (mfumo wa zamani wa kuwashia kompyuta). Nataka kutenga patisheni (sehemu ya diski) ya GB 15 niweke Clonezilla, programu ya kunakili na kurejesha diski, na nakala ya mfumo, ili Linux ikiharibika niirejeshe bila kutafuta flashi. Kinachonikwamisha ni MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski: patisheni kuu haziwezi kuzidi nne, na zote zimeshatumika. Nafikiria kufuta ya swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM), nitumie faili la swap, kisha nipunguze ya /home (yenye mafaili yangu) kwa GParted, programu ya kubadili patisheni. Je, GRUB, programu inayoanzisha Linux, itaendelea kuwaka? Picha za marehemu mama zimo humo, nakala nyingine ninayo moja tu kwenye diski ya nje, kwa hiyo naogopa kukosea. Aliyewahi kufanya hili anielekeze nianzie wapi.