Nimejisajili kilomita 42 Moshi, mazoezi yangu yote ni ya Dar. Nibaki au nishuke 21?

Raba_Nyekundu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mliokwisha kukimbia Kili Marathon pale Moshi, hasa ile ya 42. Wa 21 ninao wengi hapa Tabata, na kila nikiwauliza wananijibu "utaweza tu, dada". Hilo si jibu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 38. Wikiendi nakimbia na kikundi, tunaanzia Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite, tunarudi. Nusu marathoni naimaliza kwa saa mbili na robo hivi bila kutembea. Hii ya 42 nimejisajili kwa akili zangu timamu na hela nimeshalipa. Aliyenitia tumbo joto ni shemeji yangu, Mchaga wa Kibosho. Aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Shem, Mweka unaijua au unaisikia?"

Sasa ni katikati ya Desemba, mbio ni mwisho wa Februari. Hicho kilima kikoje hasa? Mtu wa tambarare anajiandaaje huku huku Dar? Na la tatu msinicheke: nyumba za wageni za Moshi wikiendi ile bei zinapaa, kwa hiyo nafikia ukweni. Mama mkwe ameshatangaza kwamba Jumamosi anachinja. Nile nini, nikatae nini, na nakataaje?

Natanguliza shukrani.

Chombo_cha_Usafiri

Ushauri wangu ni kilomita 5. Unakimbia, unapiga picha na mlima nyuma, saa tatu uko mezani kwa mama mkwe. Nani atakuuliza?

Raba_Nyekundu

Shemeji ataniuliza mpaka nizeeke.

Kijana_wa_Soweto_Moshi

Dada, nakuelezea njia maana nimezaliwa huku.

Mbio zinaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Kwa kawaida nyie wa 42 mnaondoka saa 12:30 asubuhi, wa 21 wanafuata nusu saa baadaye, lakini hakikisha kwenye ratiba ya mwaka wako. Wa 21 wanapelekwa moja kwa moja Mweka na kurudi. Nyie hamuanzi na kilima. Mnapita mjini, mnashika barabara kuu ya kwenda Himo, mnageuza, mnarudi mjini. Barabara ni pana, jua ndiyo kwanza linachomoza, na kama hakuna mawingu Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, unaiona yote. Mguu unakuwa mwepesi ajabu. Wengi wanakufa hapo hapo bila kujua kwamba wamekufa.

Ukirudi mjini umeshaimaliza nusu na jua limeshakaa sawasawa. Februari huku mchana joto linapita nyuzi 30. Hapo sasa ndipo wanakupandisha Mweka, karibu kilomita kumi za kupanda. Si kupanda kwa kushika magoti, ni mwinuko wa kukuchosha taratibu: unakata kona ukidhani umefika, unakuta mwingine. Mjini ni mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, mnapogeuzia ni kama 1,150. Mnageuza kwenye kilomita ya 32 hivi, halafu ni mteremko mpaka uwanjani.

Na shemeji yako asikutishe na jina. Geti la Mweka wanakotokea wapanda mlima wakishuka liko juu zaidi, mita 1,600 na ushee. Nyie hamfiki huko.

Kizuri cha upande ule ni kivuli na watu. Migomba na kahawa kushoto kulia, na kwa kuwa ni Jumapili utakutana na kina mama wametoka ibada ya kwanza, kitenge kimenyooka, Biblia kwapani, wanakupigia makofi. Watoto wanasimama barabarani na vikombe vya plastiki vya nyumbani kwao, maji wamechota wenyewe. Mmoja mwaka jana alikimbia na mimi pekupeku akiwa na kandambili mkononi, ananiuliza "mjomba, umechoka?" mpaka nikaona aibu kutembea.

Kocha_wa_Mtaani

Nitakwenda kinyume na watakaokwambia ushuke 21. Mwenye uwezo wa saa mbili na robo, na wiki kumi mbele yake, 42 anaimaliza. Ila ukweli ni kwamba haimalizi kwa kasi ile ile.

Nusu yako ni kama dakika 6 na sekunde 25 kwa kilomita. Moshi uanze na dakika 7 mpaka 7 na robo, na usione haya wakikupita. Mweka panga mapema: kimbia dakika nne, tembea moja, tangu mwanzo wa kilima kabla hujachoka. Anayesubiri mpaka ashindwe ndiyo atembee, hakimbii tena. Kwa mpango huo utatumia saa tano na dakika ishirini au thelathini. Ni muda mzuri kabisa kwa mara ya kwanza kwenye njia ile.

Mazoezi: Dar haina mlima lakini vilima inavyo. Nenda Goba na Makongo Juu katikati ya wiki, upande na kushuka mpaka uchoke. Mara moja moja kikundi chenu kiende Pugu mpaka Kisarawe na kurudi. Na ninaposema kushuka namaanisha kushuka kweli. Watu wanafanya mazoezi ya kupanda, wanasahau kwamba kilomita kumi za mwisho Moshi ni mteremko, na mteremko unachana misuli ya mapaja kuliko mwinuko kwa sababu msuli unafunga breki huku unavutwa. Jamaa niliyeanza naye alipanda Mweka kama swala. Kurudi akawa anashuka kinyumenyume, mbele hakuwezi.

Mbio ndefu ya wikiendi iongezeke kidogo kidogo: 24, 26, kisha rudi 20 upumue, halafu 29, halafu 32 mwanzoni mwa Februari. Usipite hapo. Baada ya hiyo unapunguza kila wiki. Na hiyo ya 32 usianze na kilima. Anza tambarare, umalizie Goba jua likiwa limetoka. Moshi ndivyo itakavyokufanyia.

Chombo_cha_Usafiri

Kocha, huyo wa kinyumenyume alimaliza?

Kocha_wa_Mtaani

Alimaliza. Choo cha kuchuchumaa alikikimbia siku tatu.

Nesi_wa_Zamu

Mleta mada, hongera kwa kuuliza mapema. Mimi nakaa upande wa hema la huduma ya kwanza, kwa hiyo nawaona wanaoletwa.

Maji: kunywa kadiri ya kiu. Kuna watu wanajaza tumbo kila meza ya maji, maji matupu kwa saa tano. Chumvi ya damu inapungua, wanaanza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, na mwenzake anampa maji zaidi akidhani ni kiu. Nunua ORS ile ya pakiti duka la dawa, ijaribu kwenye mazoezi, siku ya mbio beba kichupa chake. Chukua na soda mezani ukiipata, sukari yake inafanya kazi.

Dawa za maumivu usimeze asubuhi ile. Diklofenaki na ibuprofeni juu ya mwili unaopoteza maji zinaumiza figo. Nimeona wakubwa wanazitafuna kama karanga kwenye mstari wa kuanzia.

Paka vaselini mapajani, kwapani na chini ya mikanda ya sidiria, kwa wingi kuliko unavyodhani. Kucha za miguu zikate siku kadhaa kabla. Kiatu kiwe kimeshakimbia na wewe, na mbele kibaki na nafasi ya kidole, la sivyo mteremko utazigeuza kucha nyeusi.

Ukianza kuyumba, au kusikia baridi juani, au kutojua uko kilomita ya ngapi, kaa chini. Kila mwaka kuna atakayekutajia John Stephen Akhwari, Mexico 1968, aliyemaliza wa mwisho goti likiwa limefungwa bandeji. Namheshimu mzee wetu. Lakini yeye alikuwa anawakilisha nchi kwenye Olimpiki, wewe unawakilisha watoto wawili wanaosubiri mama arudi Jumatatu.

Upepo_wa_Dodoma

Mimi nitasema lile ambalo halisemwi. Mbio za mji mdogo zina upweke wake. Kwenye 21 mko umati, muziki, vikundi na fulana za kufanana. Kwenye 42 wa mwendo wetu tunabaki wachache mno. Ukiingia nusu ya pili unaweza kwenda muda mrefu humwoni mtu mbele wala nyuma, wenzio wa 21 wanashuka kwenda kuchukua medali, wewe ndiyo kwanza unapanda. Nilitamani kugeuka nao. Jiandae kwa hilo kichwani, mapafu pekee hayatoshi. Tafuta mtu wa kasi yako mkiwa bado barabara ya Himo, msalimiane, mshikamane.

Na usitegemee meza za maji peke yake. Kuna mbio moja ya mji mdogo (siyo hii ya Moshi) nilifika meza ya kilomita ya 30 nikakuta vikombe vitupu na kijana amelala kivulini. Beba chako. Weka na elfu tano kwenye soksi.

Kocha_wa_Mtaani

Kweli kabisa. Na kwenye kusubiri bila papara, mwangalie Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu kwenye marathoni ya mashindano ya dunia pale Tokyo 2025. Kilomita 42 zote kakaa na kundi, Mjerumani kampita kwenye kona za uwanjani, yeye kamkamata kwenye utepe. Wote wameandikiwa saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Dhahabu ya dunia.

Chombo_cha_Usafiri

Sasa mama wa Tabata na Simbu wapi na wapi.

Kocha_wa_Mtaani

Barabara ya Himo. Asubiri kama yeye, asimfuate anayemzidi kasi.

Mke_wa_Mmachame

Nyie wanaume mmejibu yote mkaliruka swali gumu. Mdogo wangu, habari ya ukweni nakupa mimi, niko huku mwaka wa kumi na kitu.

Kwanza usimkatalie mama mezani mbele ya wageni. Hilo zungumza sasa hivi, Desemba, na usizungumze wewe. Mume wako aongee na baba yake, baba ataongea na mama. Aseme hivi: "Mke wangu ana mbio Jumapili asubuhi, mbuzi tunaomba achinjwe Jumapili mchana tumsherehekee." Ukiligeuza likawa sherehe yako, mama mwenyewe atawatangazia majirani.

Jumamosi wewe nenda jikoni mapema na kitenge chako, menya ndizi, usikae sebuleni kama mgeni. Anayepika ndiye anayejipakulia. Mtori ni rafiki yako: ndizi, nyama laini, chumvi, unashuka bila kelele. Kula mchana vizuri, usiku kidogo. Kiburu uwaachie, yale maharage yatakukimbiza kabla ya mbio. Kisusio, ile supu ya damu, usiguse kama tumbo lako halijazoea. Mbege, pombe ya ndizi, ukipewa kata, pokea kwa mikono miwili, onja, mpelekee mzee aliye karibu. Hakuna atakayekasirika.

Na lala mapema. Sema umeumwa kichwa, hiyo ukweni inakubalika.

Raba_Nyekundu

Jamani nimecheka na nimepona. Dada Mke wa Mmachame, nimemsomea mume jibu lako neno kwa neno, ameshapiga simu. Mbuzi ameahirishwa mpaka Jumapili. Mama mkwe anauliza tu kama nitakuwa na nguvu za kuhudumia wageni, hilo tutajua mbele ya safari.

Nabaki 42. Jumatano nimekwenda Goba. Kupanda nilijiweza, kushuka magoti yalitetema kama ya mtoto anayejifunza kusimama, kwa hiyo nimemwelewa Kocha. Nesi, ORS ya ladha ya chungwa imenikubali, ile isiyo na ladha nimeitema.

Swali la mwisho: kutoka Kibosho alfajiri ile nitafikaje Ushirika? Gari la shemeji lipo ila yeye kuamka ni kazi.

Kijana_wa_Soweto_Moshi

Usitegemee gari. Barabara za karibu na chuo hufungwa, utashushwa mbali na kutembea. Mwombe mama mkwe akutajie bodaboda wa pale pale kijijini anayemjua kwa jina la baba yake, mwelewane Jumamosi jioni, umpe nusu ya nauli. Saa 11:00 awe mlangoni, 11:30 uwe umeshafika, maana foleni ya choo asubuhi ile ni mbio nyingine. Namba yako ichukue mapema kwenye vituo wanavyotangaza, usiache mpaka Jumapili. Na njoo na sweta kuukuu, Kibosho alfajiri si Tabata. Utaliacha pale pale kwenye mstari.

Mke_wa_Mmachame

Sweta asiliache, alifunge kiunoni. Mama mkwe atakuwa ndiye aliyemwazima.