Kitasa kisicho na ufunguo kwa mama aliye Tanga

Kutoka: Dada wa Chumbageni (Birmingham)

Asalaam aleikum jamaa. Mama yuko peke yake Chumbageni, na baridi yabisi imemkamata vidole, kuzungusha ufunguo hawezi tena. Disemba naenda nyumbani inshallah, nataka nimpelekee kitasa cha alama ya kidole. Kuna aliyeshafunga?

Kutoka: Mwana wa Ngamiani (Leicester)

Waaleikum salaam dada, mama mpe pole. Cha kidole usinunue. Mimi nilimpelekea bi mkubwa wangu, ana miaka 78. Mikono iliyosuka ukili na kukuna nazi maisha yote, mistari ya vidole imeshafifia, na ngozi ya uzeeni ni kavu, kile kioo hakiisomi. Nilipokwenda likizo nikamkuta barazani anapangusa kidole kwenye kanga, anakiweka, kitasa kinalia, anapangusa tena. Ndugu zangu wakaniambia darsa la Alhamisi ameacha kwenda, anaogopa asije akarudi akakosa pa kuingilia. Iliniuma sana.

Vile vya kugusa namba juu ya kioo navyo vinasumbuliwa na kidole kikavu. Tulichofunga sasa kina vitufe vya chuma vya kubonyeza, hakina betri wala waya. TANESCO wakikata, chenyewe hakina habari. Tena vingi vya aina hii havijali mpangilio: namba zake nne, aanze na yoyote, mlango unafunguka. Kwa mtu aliyeanza kusahau hiyo ni nafuu kubwa. Ila kubadili namba, vingi ni mpaka fundi akitoe mlangoni, kwa hiyo namba isiwe ya mtaa mzima. Mkono wa kitasa uwe mrefu wa kukandamiza chini, usiwe wa duara. Bi mkubwa akitoka sokoni na kikapu anaukandamiza kwa kiwiko.

Ukiona lazima kiwe cha betri, seremala atangulie. Masika mlango wa mbao unavimba, ulimi wa kitasa unakwama kwenye fremu, mota inahangaika na betri zinakwisha upesi. Watu wanalaumu kitasa, kumbe mlango. Uliza pia kama kwa nje kina pa kugusisha betri ya volti 9, za ndani zikifa. Na kwa chumvi ya bahari yetu tafuta stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, ya daraja la 316, inahimili kuliko ya 304. Kabla hujalipa, fundi apime unene wa mlango, na kutoka ukingoni mpaka katikati ya tundu la mkono, akupigie picha futi ikiwa juu ya mlango.

Lakini dada, kubwa kuliko yote ni komeo. Ramadhani iliyopita bi mkubwa aliteleza bafuni baada ya daku. Jirani akamsikia, akaja, namba anayo, akabonyeza, kitasa kikafunguka, mlango ukagoma. Kwa ndani alikuwa ameshindilia komeo la juu na la chini, kama alivyofanya kila usiku tangu marehemu baba afariki. Ikabidi akaamshwe fundi wa kuchomelea aje akate grili ya dirisha. Karibu saa nzima mama yuko sakafuni, kanga imelowa, anawasikia watu nje na hawamfikii. Pesa yote niliyotuma kwenye kitasa haikumsaidia kitu.

Kutoka: Dada wa Chumbageni

Subhanallah. Kaka, nimempigia mama sasa hivi. Anayo matatu! Anasema komeo hang'oi, wezi wapo.

Kutoka: Mwana wa Ngamiani

Usibishane naye kwenye simu, hofu yake ni ya kweli. Chukua kitasa kinachojifunga chenyewe mlango ukirudishwa, na ndani kinafunguka kwa mkono tu bila namba, hata kukiwa na moto. Kisha mwache akijaribu mwenyewe. Wangu alimtoa mjomba nje, akafunga, akamwambia, "Sukuma kwa nguvu zako zote." Akamsukumisha mara tatu, yeye ndani kaweka kiganja kwenye ubao anausikilizia. Ndipo akamgeukia fundi: "Haya, yang'oe. La chini kwanza."